Sauti Kwenye Bomba la Hewa

Nilipomwambia mama mkwe kwamba nyumba yetu tutaijenga kwa udongo, alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Yeye alizaliwa Rwanda katika nyumba ya udongo, akavushwa kwenda Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akaishi Bujumbura maisha yake yote ya utu uzima katika nyumba yenye kuta za saruji. Saruji hiyo ndiyo aliyoiona kuwa maendeleo.

"Mwanangu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, "watu wanatoka kwenye udongo, weye unaturudisha?"

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka, maana swali lenyewe lilikuwa la haki.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilikulia Karagwe, Tanzania, mtoto wa Wanyarwanda waliokimbia. Mume wangu alikulia Bujumbura. Tulikutana hapa Kigali, na hadi leo lugha ya nyumbani kwetu ni Kiswahili, changu cha Tanzania na chao cha Burundi, huku Kinyarwanda kikipita katikati. Wakati ule tulikuwa tumepanga Niboye, nyumba ya mabati isiyo na dari ya maana. Mchana wa kiangazi ilikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Mvua ikinyesha tulikuwa hatusikilizani. Nilikuwa nalala chali na kitambaa kibichi usoni, na kichwani nachora nyumba nyingine.

Nyumba hiyo niliichora kwenye karatasi baadaye, mara nyingi, mpaka mume wangu akaizoea kama mtu wa familia. Kuta nene za matofali ya udongo wa palepale kiwanjani, yaliyoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kuchanganywa na saruji kidogo tu, bila kuchomwa, bila kukata mti hata mmoja. Madirisha makubwa upande wa kaskazini na kusini. Mashariki na magharibi, ambako jua hupiga moja kwa moja, ukuta mtupu. Paneli za sola juu, tangi la maji ya mvua chini. Na kitu ambacho nilikionea fahari kuliko vyote: bomba pana lililofukiwa ardhini, kutoka chini kabisa ya kiwanja hadi sebuleni. Juu ya paa niliweka dohani ya bati jeusi. Jua likiipasha moto dohani, hewa ya ndani inapanda na kutoka, na nyumba inavuta hewa nyingine kupitia bomba, hewa iliyopozwa na ardhi. Hakuna feni, hakuna umeme. Nyumba inapumua yenyewe.

Kiwanja tulikipata Kagugu, kwenye mteremko. Mwenye kutuuzia alisema palikuwa pori tangu azaliwe. Lakini chini, kwenye mpaka, palikuwa na ua wa minyaa mirefu, ule mmea wa maziwa ambao watu wa zamani waliuzungushia miji yao, na minyaa haijipandi kwa mstari. Niliiona, nikanyamaza. Nilifikiri tu kwamba kivuli chake kingefaa: mdomo wa bomba ungekaa hapo, uvute hewa iliyokwisha kupoa.

Siku ya kuchimba msingi, msimamizi wa mafundi aliinua mkono, na majembe yote yakasimama. Chini ya udongo mwekundu palikuwa na sakafu. Udongo uliopigwa ukawa laini, mweusi kwa kukanyagwa. Pembeni, majivu.

Katika mji huu kila mtu anaujua ukimya ule. Hakuna aliyeuliza kwa nini tumesimama. Mafundi walivua kofia, mmoja akajipiga ishara ya msalaba. Tukamwita kiongozi wa mudugudu, mtaa wetu, naye akaja na wenzake wanaojua kazi hiyo ya huzuni ya kutafuta mifupa, wakachimba kwa mikono na miiko ya kupakia plasta, taratibu, kiwanja kizima. Hawakukuta mtu. Walikuta jiwe la kusagia, vigae vya chungu, mpini wa jembe ulioliwa na mchwa. Nyumba ilikuwepo, wenyewe hawakuwepo. Majirani wote walikuwa wageni kama sisi. Hakuna aliyejua palikuwa kwa nani. Kiongozi akatuambia tuendelee.

Jioni ile mume wangu aliniuliza, "Udongo wa matofali, tusiutoe mahali pengine?"

"Tukiuleta kwa lori, mpango wote unaharibika," nilimjibu. "Tutakuwa tumechoma mafuta kubeba udongo kuuleta kwenye udongo."

"Siulizi mpango."

Nilijua haulizi mpango. Mama mkwe ndiye aliyetuamulia. Alisema udongo hauna kosa, ila uombewe. Akaja na rozari yake na chupa ya maji ya baraka, akazunguka shimo lote akinyunyizia, viatu vikilowa. Kesho yake mashine ya kushindilia ikaanza kulia, na ile sakafu, majivu na kila kilichowahi kudondoka pale vikaingia kwenye kuta zetu.

Kwa hiyo kuta zilikuwa na vitu. Ukitazama kwa makini uliona kipande cha kigae hapa, mkaa pale. Kwenye chumba cha wageni, karibu na dirisha, kitufe cheupe cha shati kilitokeza nusu kutoka kwenye tofali, matundu yake yote manne yakiwa wazi. Fundi alitaka kukichomoa. Nilimkataza, sijui kwa nini.

Tulihamia mwanzoni mwa kiangazi, na nyumba ikafanya kila nililoiahidi. Nje jua linapasua, ndani unatafuta sweta. Mama mkwe, aliyekuja kuishi nasi, aligusa ukuta kwa kiganja na kusema, "Bon, haya, nimeshindwa." Kitu kimoja tu sikukitarajia: ukimya. Kuta nene zilikuwa zimekata kila kitu. Ukifunga mlango, pikipiki za Kagugu, kwaya ya mazoezi, mbwa wa jirani, vyote vilitoweka kwa pamoja, kama mtu amekuziba masikio kwa mikono yake. Wageni wetu walianza kuongea kwa kunong'ona bila kujua.

Mama mkwe alipenda kukaa karibu na mdomo wa bomba, mahali hewa inapotokea, tundu pana lenye wavu wa kuzuia panya. Hewa yake ilinukia mvua hata wakati wa vumbi. Mchana mmoja nilikuwa nasahihisha mitihani mezani, naye akasema bila kuinua kichwa:

"Iko mama mmoja anaongea kwenye tundu lako."

"Ni upepo, Mama."

"Upepo haujui Kinyarwanda."

Nikaenda kuinama pale. Kwanza nilisikia tu ule mvumo mdogo, kama unapoweka sikio kwenye chupa. Halafu sauti ya mwanamke mzee, karibu sana, karibu kuliko mtu aliye chumbani, ikasema kwa Kinyarwanda kwamba mvua imechelewa. Kwamba maharage yameota vibaya. Kwamba yule binti aliyekuwa mgonjwa amepona, amejifungua mtoto wa kike. Ikanyamaza. Kimya kile kilikuwa na urefu wa jibu. Halafu sauti ikasema, "Yego," ndiyo, na kucheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo la kuchekesha.

Nikajiambia ni mtu anayepita na simu. Nilitoka, nikazunguka nyumba, nikashuka ngazi za mawe hadi kwenye minyaa. Hapakuwa na mtu. Nyasi za pembeni mwa ua zilikuwa zimelala, kama zilizokaliwa.

Ilirudi. Si kila siku, lakini mchana wa jua kali hasa. Mara habari za harusi, mara habari za mvua, mara malalamiko kuhusu goti. Daima habari za kawaida, daima na vile vipande vya kimya katikati. Mume wangu aliposikia mara ya kwanza alifikiri redio. Mara ya pili alikwenda kuchukua mto wa kiti na kuuziba mdomo wa bomba. Nyumba ikaanza kupata joto. Mama mkwe akanyanyuka, akauondoa mto, akaurudisha kitini.

"Ukiziba," alimwambia mwanawe, "atajua tumemkataa."

"Nani, Mama?"

"Sijui nani. Lakini wako wawili. Huyu anaongea, na mwingine anamjibu. Wa pili yuko mbali, kama mtu aliye jikoni."

Mimi nilimsikia mmoja tu. Nilieleza: bomba lina kona, sauti inagonga na kurudi, sikio la mzee huisikia kama sauti nyingine. Nilichora hata mchoro. Mama mkwe aliutazama kwa adabu. Usiku ule mume wangu alilala akiwa amewasha taa ya varanda.

Ikafika siku ya likizo. Sauti ilipoanza, sikuinama kusikiliza. Nilitoka mlango wa nyuma nikiwa na kandambili mkononi, nikapita upande wa jirani na kushuka kutokea chini. Na pale, mgongo ukiegemea minyaa, miguu imenyooshwa juu ya kitenge kilichokunjwa, alikuwa amekaa bibi mmoja mwembamba, amevaa sweta la kijani na leso nyeupe kichwani. Mdomo wa bomba ulikuwa nyuma ya bega lake.

Aliponiona alihangaika kusimama. "Mnisamehe," alisema kwa Kinyarwanda. "Sikujua kama mtakerwa. Nilifikiri hili ni bomba la choo chenu, kwa hiyo nililigeuzia mgongo."

Nilicheka, kwa woga na kwa aibu, na yeye akacheka kwa kuwa mimi nimecheka. Nikamwomba akae. Nikakaa naye.

"Mukecuru," nilimwambia, ndivyo tunavyomwita bibi kwa heshima, "unaongea na nani hapa?"

Alinyoosha kidole chake juu, kwenye nyumba yangu. "Na watu wa hapa."

Hapo palikuwa kwao. Mume wake, watoto wao, mama mkwe wake. Wote waliuawa wakati wa mauaji ya kimbari; yeye peke yake alibaki. Miili yao ilipatikana mbali na hapa, miaka ikiwa imepita, ikazikwa kwa heshima pamoja na ya wengine. Huko huenda wakati wa kumbukumbu. "Lakini kule watu ni wengi," alisema. "Kila mtu ana wake wa kuongea nao. Habari ndogo huwezi kuzisema kule. Habari za goti langu! Kwa hiyo nazileta hapa, walipokuwa wakikaa." Sasa anaishi Niboye kwa mtoto wa dada yake. Huchukua moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi barabarani, kisha anatembea. Alipoona tumeanza kujenga alisita muda mrefu, halafu akaona ua bado upo, akaendelea.

Nilimwambia yote. Kwamba kile si choo, kwamba tunasikia, kwamba tumesikia habari za goti. Nilitegemea akasirike. Alishika tu mdomo.

"Mnasikia," alisema. "Kwa hiyo sauti inafika ndani."

Nikamkaribisha. Alivua viatu mlangoni ingawa nilimkataza. Alitembea polepole kama anayepita shambani kati ya mimea michanga, na kila mahali alisimama. Kwenye korido: hapa palikuwa mlango wa ng'ombe. Chumbani kwetu, mguuni pa kitanda: hapa tulikuwa tukila. Mama mkwe alimfuata nyuma akiwa na rozari yake, na tangu sebuleni walikuwa wameshikana mikono. Bibi alipapasa kuta. Nikamweleza kwamba zimetokana na udongo wa hapa, sakafu yake ikiwemo, na nikangoja aniambie nimefanya nini.

"Ni laini," alisema. "Mmeupiga vizuri."

Kwenye chumba cha wageni nilimwonyesha kitufe. Nilikuwa na hakika, kama ninavyokuwa na hakika na fomula ubaoni, kwamba atakitambua. Alikiinamia, akakigusa kwa ncha ya ukucha, akakitazama kwa muda.

"Hiki si chetu," alisema.

"Una hakika, Mukecuru?"

"Kila kitufe cha nyumba hii nilikishona mimi. Hiki si chetu." Akatoka chumbani humo, na hakurudi tena kukiingia.

Tulikaa karibu na bomba, chai ikaja. Hapo ndipo mama mkwe, ambaye hajawahi kubeba neno moyoni akalilaza, alipomwambia. "Dada yangu, mimi nasikia mwingine anakujibu."

Nilitaka kumkanyaga mguu chini ya meza. Bibi aliweka kikombe chini.

"Anasema nini?"

"Maneno siyashiki. Nasikia sauti tu."

"Ya mwanamume au ya mwanamke?"

Mama mkwe alifikiri. "Ni mtu anayeongea huku anafanya kazi."

Bibi alitikisa kichwa taratibu, kukubali. Nikaingilia na mwangwi wangu: bomba, kona, sauti inayorudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo mwanafunzi mzuri angelisema. "Basi tupime. Nenda chini ukaongee. Mimi nitakaa hapa nisikie."

Nilishuka. Jua lilikuwa kali, minyaa haitikisiki, mtaa mzima umelala. Niliinama kwenye mdomo wa bomba, na nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kuongea upande huo. Hewa ilikuwa ikipita shingoni mwangu kuingia ndani, polepole, kama pumzi anayovuta mtu aliyelala. Nikasema mchana mwema. Nikasema mvua itanyesha wiki hii, Mungu akipenda. Nikasema chai isipoe. Sikusikia kitu, nikapanda.

Walikuwa wamekaa vilevile, mkono ndani ya mkono. Mama mkwe alikuwa ametazama chini.

"Ulikuwa na nani?" bibi aliniuliza.

"Nilikuwa peke yangu."

"Ulisema mvua, ulisema chai. Halafu uliulizwa, hukujibu."

"Niliulizwa nini?"

"Uliulizwa wewe ni nani."

Nilimgeukia mama mkwe anisaidie. Punje za rozari zilikuwa zikipita vidoleni mwake, moja baada ya nyingine, na hakuinua macho. Nikasema tena habari ya mwangwi, lakini sauti yangu mwenyewe niliisikia nyembamba. Mwangwi hurudisha ulichosema. Haukuulizi swali. Hilo nalifundisha kila mwaka.

Sikumwambia mume wangu siku ile. Nilipika, nikafua, nikasahihisha. Lakini lile swali lilikaa nami kama mgeni asiyeagwa. Kesho yake, mume wangu na mama yake walipokwenda misa, nilishuka kwenye minyaa mchana kweupe, nikapiga magoti na kujibu. Nilisema jina langu. Nilisema jina la baba yangu na la babu yangu, na kilima walikotoka kabla ya kukimbia. Nilisema nilikulia kwa watu, tukaitwa wakimbizi hadi tukazoea, ndiyo maana nilitaka nyumba ambayo haitabomoka upesi. Nilisema nani analala chumba gani. Nilisema kwamba jiwe la kusagia tumelitunza barazani, na kwamba atakayelitaka ni lake. Kisha nikabaki pale, magoti yakiuma. Sikujibiwa. Au walijibu ndani, ambako hapakuwa na mtu wa kusikia.

Tangu hapo bibi akawa anapitia mlango wa mbele. Anakunywa chai na mama mkwe, wanabishana kuhusu namna ya kupika isombe, kisamvu cha Kinyarwanda, kisha anashuka kwenye ua kutoa habari zake, na mama mkwe anakaa kwenye bomba akiwa amefumba macho. Mume wangu alizoea. Alisema kila nyumba ina kelele zake.

Halafu kiwanja cha chini kikapata mwenyewe, kijana mpole anayejenga ghorofa. Minyaa ilikuwa upande wake wa mpaka. Alituomba radhi mapema, akaing'oa yote, akainua ukuta. Mdomo wa bomba ulibaki umetazama tofali, hewa ikawa haipiti, ikabidi nichimbe upya na kuupeleka juu, upande wa barabara, chini ya kivuli cha tangi. Siku mafundi walipokata bomba la zamani nilisimama mbali. Hakikutoka kitu ila harufu ya mvua.

Nilikuwa nikiogopa kumwambia bibi. Alipokuja alitazama ukuta mpya, akatazama mahali alipokuwa akikaa, ambapo sasa palikuwa na mchanga wa kujengea. Hakulia. Aliuliza kama kuna matofali yaliyobaki tulipomaliza nyumba.

Yalikuwepo machache nyuma ya jiko, chini ya bati. Aliyachagua kama anavyochagua mtu viazi sokoni, akiyageuza, akiyanusa, mpaka akapata moja lenye mstari mweusi wa sakafu ndani yake. Tofali lile ni zito, na kwenye pikipiki lisingefaa, kwa hiyo mume wangu akampeleka Niboye kwa gari. Alitaka kuliweka nyuma. Bibi alikataa, akalipakata mapajani.

Mume wangu alirudi giza linaingia, akakaa jikoni bila kuvua viatu.

"Ameongea njia nzima," alisema.

"Aliongea na wewe?"

"Hapana. Alikuwa analionyesha tofali mji. Hapa wamejenga, hapa wamebomoa, hapa palikuwa kwa fulani. Tulipofika makutano ya Sonatubes taa zikawaka nyekundu, akasema, 'Angalia magari.' Halafu akanyamaza."

"Akanyamaza kwa nini?"

Aliinama kufungua kamba za viatu. "Kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kusema," alisema. "Taa zikawa kijani, madereva nyuma wakapiga honi. Sikuondoka mpaka aliposema yego."